Simu ni Chombo, Amana ni ya Mtu

Wahenga walinena, baada ya dhiki faraja. Nami nathubutu kuongeza kwamba aghalabu faraja huja dhiki ikingalipo, mradi waliofikwa nayo wawe wanaaminiana.

Wasomaji wapenzi wataukumbuka mwaka 2020. Misikiti ilikuwa imefungwa tangu Machi kwa sababu ya maradhi ya korona, na kafyu ilikuwa ikitutia ndani jioni. Kisha tarehe 6 Mei, Ramadhani ikikaribia nusu, Serikali ikatangaza kuufunga Mji wa Kale, Mombasa, pamoja na Eastleigh kule Nairobi. Hapana kutoka wala kuingia. Vibarua vikasimama, biashara zikalala, na baraza zetu zikabaki na paka.

Mazungumzo ya mtaa wetu yalihamia katika kundi la WhatsApp. Humo niliona jinsi kuaminiana kunavyobomolewa na jinsi kunavyojengwa.

Usiku mmoja ilipitishwa sauti kwamba watu wa nyumba fulani wamechukuliwa na gari la wagonjwa kwa korona. Kufikia daku sauti ile ilikuwa imezunguka mtaa mzima, na kesho yake hapana aliyethubutu kupeleka futari mlangoni pale. Kijana mmoja tu ndiye aliyepiga simu kuuliza. Kumbe bibi wa nyumba ile alipelekwa kujifungua, naye amepata mtoto wa kike! Aliyeieneza habari ile hakujificha. Alirekodi sauti nyingine papo hapo mbele ya watu wote, akakiri kosa na kuomba radhi. Jioni ile sahani zilizokwenda kwa mzazi zilikosa pa kuwekwa, na kundi zima likajaa pongezi na dua. Sijaona furaha kama ile hata katika miaka ya neema.

Upande wa mchango nako nilipata funzo. Ada ya kutuma fedha kidogo kwa M-Pesa, hadi shilingi 1,000, ilikuwa imeondolewa mwezi wa Machi, kwa hivyo mwenye shilingi 50 alizituma zote 50. Mwekahazina wetu aliandika kila siku kabla ya magharibi: kilichoingia, kilichotoka, kilichosalia. Waliosaidiwa hakuwataja majina, kwani sitara ya mtu nayo ni amana. Siku moja hesabu ilipungua shilingi 200. Alitueleza mwenyewe kabla hajaulizwa, akazilipa. Tangu siku hiyo michango ilizidi.

Idi ilipofika mwishoni mwa Mei tuliisali majumbani. Walio na kaimati na mkate wa sinia waliwagawia wasio nacho, na mkono wa Idi wa watoto ukapita kwa simu. Tulikuwa tumefungiwa, lakini hatukuwa wapweke.

Leo vizuizi vile vimeondoka, lakini makundi yamezidi: ya matanga, ya harusi, ya karo, ya matibabu. La kusikitisha ni kwamba tumeyasahau yale tuliyofunzwa na dhiki. Hupita picha ya mgonjwa asiyejulikana ni nani, chini yake nambari ya kutumia fedha, nasi twaisambaza tukidhani tunachuma thawabu. Wenye WhatsApp wenyewe, mwezi wa Aprili 2020, waliweka mpaka ili ujumbe uliokwisha kupitishwa mara nyingi uweze kupelekwa mahali pamoja tu kwa mara moja. Sisi tuna mpaka wa zamani zaidi ya huo. Aya ya 6 ya Surat al-Hujurat yatuamrisha kuhakikisha habari, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua na kisha tukajuta.

Nionavyo mimi, mambo matatu yatutosha. Tuulize kabla ya kupitisha. Aliyeshika cha watu atoe hesabu bila ya kudaiwa. Na aliyekosea hadharani asahihishe hadharani, asifute maneno na kunyamaza.

Simu ni chombo tu, kama vile jahazi. Litafika salama au litazama kwa kadiri ya uaminifu wa wanaoliendesha. Yule mtoto aliyezaliwa siku zile sasa anakwenda chuoni, na kila nimwonapo akipita na juzuu yake kwapani, mimi hukumbuka kwamba siku moja tulikaribia kumnyima mamake futari kwa neno tusilolihakikisha.