UHABA NI WA NYUMBA ZA NANI?



Kila uhaba wa nyumba unapotajwa hapa Kenya, tunasomewa hesabu ambayo Serikali imeirudia kwa miaka mingi: taifa limepungukiwa na nyumba zipatazo milioni mbili, kila mwaka zinahitajika 250,000 zaidi, na zinazojengwa ni kama 50,000 tu. Baada ya hesabu huja dawa. Serikali haina fedha za kutosha. Basi na waitwe wastawishaji wa kibinafsi, wapewe ardhi ya umma, wapunguziwe ushuru, nao watajenga. Hatupingi wajenge. Twauliza wanamjengea nani.

Kwanza tuiondoe dhana moja potofu. Mjenzi wa kibinafsi si mgeni katika makao ya maskini. Ni nani aliyewajengea wakazi wa Mathare na Mukuru? Si Serikali. Ni wenye ploti: chumba cha mabati cha futi kumi kwa kumi, choo kimoja kwa jamaa nyingi, na maji ya kununua kwa mtungi kwa bei inayoishinda ile ya mtaa wa matajiri. Mahali pengine mabati yameondolewa yakasimamishwa maghorofa ya mawe. Mwezi Aprili 2016 jengo la namna hiyo lilianguka kando ya mto huko Huruma, wakafa watu wapatao 50. Ilielezwa baadaye kwamba lilikuwa limekwisha kutiwa alama ya kubomolewa. Alama ilitiwa, na kodi ikaendelea kukusanywa.

Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba soko likiachiwa nafasi litamfikia mnyonge, sisi tunajibu kwamba lilimfikia zamani.

Tuutazame sasa ushuru. Katika miaka ya 2010 Bunge lilikubali kwamba kampuni iliyojenga mamia ya nyumba kwa mwaka ilipe asilimia 15 ya faida yake badala ya asilimia 30. Kipimo kilikuwa idadi ya nyumba. Kodi atakayotozwa mpangaji haikuwa kipimo. Hazina ya umma ilisamehe nusu ya haki yake, na mchuuzi wa mboga Gikomba hakuahidiwa hata chumba kimoja.

Huko Park Road, Ngara, nyumba 1,370 zilijengwa katika mpango uliotangazwa mwishoni mwa mwaka 2017, na bei zikaanzia zaidi ya shilingi milioni moja. Pangani nako makao ya zamani ya manispaa yalibomolewa, mstawishaji akapandisha maghorofa juu ya ardhi ya umma, na sehemu ya nyumba hizo zikatengwa ziuzwe kwa bei ya soko. Ni majengo mazuri, hatukatai. Lakini ni nani awezaye kununua? Mwaka 2023 nchi hii yenye watu takriban milioni 50 ilikuwa na mikopo ya nyumba ya benki kama 30,000 tu. Walio wengi mijini ni wapangaji, na wapangaji watabaki. Mtu asiyejua kama atapata kibarua kesho huwezi kumwita mnunuzi.

Hata hivyo analipa. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya Machi 2024 inamkata kila mwajiriwa asilimia 1.5 ya mshahara, naye mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Mlinzi wa usiku amekwisha kutoa sehemu yake. Sheria hiyo hiyo inatambua tabaka la wenye kipato kisichofika shilingi 20,000 kwa mwezi. Vema, basi nyumba za tabaka hilo na zitangulie, nazo ziwe za kupanga.

Tutaambiwa kwamba mstawishaji si shirika la misaada, na asipopata faida hatakuja. Ni kweli. Akijenga juu ya ardhi yake na kwa fedha zake, auze atakavyo. Bali akipewa ardhi yetu, barabara yetu na msamaha wa ushuru wetu, hapo sisi ni washirika katika biashara, na mshirika hufungua daftari. Taarifa ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilitufundisha jinsi ardhi ya umma inavyoweza kugawiwa wakubwa kinyume cha sheria.

Viongozi wa jumuiya, mkutano wa kutoa maoni ukitangazwa katika kata yenu, msiende kupiga makofi. Ombeni mkataba. Ulizeni ni nyumba ngapi za kupangisha na kwa kodi gani, na kodi hiyo inalindwa kwa miaka mingapi. Ulizeni majina ya waliokuwa wakiishi pale yameandikwa wapi. Ofisa akijibu kwamba mkataba ni siri ya biashara, msomeeni kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010, kinachompa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Akikataa bado, andikeni jibu lake, cheo chake na tarehe, mtuletee.