Fremu ya Namba Isiwe Mtego kwa Dereva

Ukinunua gari Marekani, hasa lililokwisha kutumika, mara nyingi unakabidhiwa pamoja na tangazo ambalo hukuliomba. Kibao cha namba kinakuja kimezungushiwa fremu ya plastiki nyeusi au ya chuma cha kung'aa. Juu limeandikwa jina la yadi iliyoliuza gari, chini jina la mji au namba ya simu. Wenye magari wengi hawaigusi fremu hiyo hadi siku ya kuuza gari. Lakini tangu tarehe 1 Oktoba 2025, katika jimbo la Florida, kuweka juu ya kibao au kukizungushia kitu kinachozuia kuonekana kwa sehemu yake yoyote ni kosa la jinai, si kosa la kawaida la barabarani kama ilivyokuwa. Adhabu yake inaweza kufika siku 60 jela na faini ya dola 500.

Upana wa katazo hilo ndio uliozua hofu. Kibao cha Florida kimebeba mengi zaidi ya namba. Juu kuna anwani ya tovuti ya jimbo, katikati kuna picha ya machungwa, chini kuna lakabu ya jimbo au jina la kaunti, na kwenye kona ya juu kulia kuna stika ya usajili. Fremu nyingi zina ukingo wa upana wa kidole hivi. Ukingo huo ukilala juu ya mstari wa chini, namba inasomeka bila taabu, lakini maneno ya lakabu hiyo, "Sunshine State", yanabaki vichwa bila miguu. Je, mwenye gari hilo ni mhalifu? Mwaka haukuisha kabla idara ya magari ya jimbo haijalazimika kufafanua kwamba fremu zinaruhusiwa mradi hazifuniki namba wala stika. Ufafanuzi huo nauunga mkono. Lakini waraka wa idara unaweza kubadilishwa na mkurugenzi ajaye, na hakimu hafungwi nao kama anavyofungwa na sheria. Kama bunge lilikusudia namba na stika tu, lingeandika namba na stika.

Serikali nayo ina hoja, tena nzito. Mtu akigongwa na dereva akatoroka, shahidi ana sekunde mbili tatu za kushika namba. Majimbo ni 50, kila moja linatoa namba zake, na mfululizo uleule wa herufi na tarakimu unaweza kuwapo katika majimbo mawili, kwa hiyo jina la jimbo nalo lina kazi yake. Halafu kuna kava, ambayo ni tofauti kabisa na fremu. Kava ni kipande cha plastiki kinachofunika uso mzima wa kibao. Nyingine zimetiwa giza. Nyingine zimetengenezwa ili namba isomeke na aliye nyuma yako tu; ukiitazama kutoka pembeni au juu, pale zinapofungwa kamera, herufi zinapotea. Hata ile isiyo na rangi ina matatizo. Uso wa kibao umetengenezwa ili urudishe mwanga wa taa kule ulikotoka. Ukiuwekea plastiki, usiku mwanga unatawanyika, na baada ya jua la miaka michache plastiki hiyo inageuka manjano na kuingia ukungu. Ndiyo maana Illinois imepiga marufuku kava zote, ziwe na rangi au zisiwe nayo, na New York nayo hairuhusu kibao kufunikwa kwa kioo wala plastiki.

Hela nazo zimeongeza uzito wa jambo hili. Tangu tarehe 5 Januari 2025, gari dogo likiingia sehemu ya Manhattan, jijini New York, iliyo kusini mwa mtaa wa 60 katika saa za shughuli, linatozwa ada, kwa kawaida dola 9, na asiye na kifaa cha kielektroniki cha kulipia anajulikana kwa kamera inayosoma kibao. Anayefunika namba ili asilipe anawaachia wenzake mzigo wa barabara na treni. Huyo sina huruma naye, na aliyemuuzia kifaa cha kufichia sina huruma naye hata kidogo.

Tatizo ni kwamba sheria zinazomlenga mtu huyo zimekuwa zikimnasa mwingine. Mwaka 2007, mahakama ya juu ya jinai ya Texas iliamua kesi ya dereva aliyesimamishwa kwa sababu ya fremu iliyofunika michoro na lakabu ya jimbo. Namba haikuwa na shida. Majaji walisema sheria imeandikwa waziwazi: michoro ya asili ya kibao isifichwe, kwa hiyo kumsimamisha kulikuwa halali. Fikiria ni magari mangapi ya Texas yaliyotoka yadi na fremu za namna hiyo. Baadaye bunge lililegeza kamba, na leo sheria ya Texas inakataza kuficha namba, au nusu na zaidi ya jina la jimbo. Hicho ni kipimo ambacho mtu anaweza kukikagua mwenyewe akiwa nyuma ya gari lake.

Pennsylvania ilipita njia ileile mwaka 2022. Fremu ilikuwa imefunika anwani ya tovuti ya utalii iliyo chini ya kibao, na mahakama ya rufani ikasema polisi walikuwa na sababu halali ya kulisimamisha gari. Tovuti ya utalii haimtambulishi mtu yeyote! Bunge la jimbo lilirekebisha sheria mwaka huohuo. Na kuna kesi ya Illinois ya mwaka 2015, ambayo kwangu ndiyo inayofundisha zaidi. Gari lilisimamishwa kwa sababu kile chuma cha mviringo cha kufungia tela kilikuwa mbele ya kibao. Mahakama ya Juu ya jimbo ilisema sheria haikukataza chuma hicho. Pamoja na hayo, ushahidi uliopatikana ndani ya gari ulikubaliwa, kwa kuwa kosa la askari katika kuielewa sheria lilikuwa la kueleweka.

Majaji wa Illinois walifuata uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Heien ya mwaka 2014, inayosema kwamba askari akikosea tafsiri ya sheria kwa namna inayoingia akilini, kusimamisha gari kunabaki halali. Kabla yake, mwaka 1996, kesi ya Whren ilikwisha kuamua kwamba askari akiona kosa lolote la barabarani, hata dogo, anaweza kusimamisha gari ingawa nia yake halisi ni kutafuta jambo jingine. Unganisha hayo mawili na sheria inayokataza kufunika "sehemu yoyote", ndipo utaona fremu ya yadi inavyomfungulia askari mlango wa karibu kila gari. Dereva aliyekosea sheria hasamehewi kwa kutoijua. Askari aliyeikosea, kazi yake inabaki halali.

Gari kusimamishwa si jambo dogo. Daunte Wright, kijana wa miaka 20, aliuawa na polisi Brooklyn Center, Minnesota, Aprili 2021, baada ya kusimamishwa kwa sababu ya usajili uliopitwa na muda na kidude cha manukato kilichoning'inia kwenye kioo. Kwa wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani, wakimbizi kutoka Kongo, Wakenya, Watanzania, Warundi, kuna jambo la ziada. Mwaka 2025 polisi wa barabara kuu wa Florida walitia saini makubaliano na idara ya uhamiaji yanayowapa askari wao baadhi ya mamlaka ya kiuhamiaji. Swali linaloanza na fremu linaweza kuishia kwenye karatasi za ukaaji.

Mimi nasema sheria itenganishe kuficha na kupamba. Namba, jina la jimbo na stika vilindwe kikamilifu. Lakabu, michoro na tovuti viachwe. Kava zipigwe marufuku zote, na adhabu imwelemee muuzaji, kama California inavyomtoza faini kwa kila kifaa cha kufichia namba anachouza. Yadi inayofunga fremu iwajibike nayo, maana ndiyo iliyoshika bisibisi na ndiyo inayofaidika na tangazo. Dereva wa kawaida apewe onyo na muda wa kurekebisha. Hilo si ndoto. Virginia tangu Machi 2021 imewazuia polisi kusimamisha gari kwa baadhi ya makosa madogo pekee, ikiwamo taa ya kibao iliyoharibika, na Philadelphia tangu 2022 imeweka kibao kisichofungwa mahali pake katika orodha ya namna hiyo. Wanaosema hatua kama hizi zinawafunga polisi mikono wakumbuke kwamba namba iliyofichwa kweli inabaki kosa, na anayeificha anasimamishwa vilevile.

Lakini mabunge yanakwenda kwa mwendo wao, na wewe unaendesha kesho asubuhi. Kama gari lako lina kava, hata ile isiyo na rangi kabisa, ivue leo. Kama lina fremu, rudi nyuma hatua kumi ukitazame kibao: namba yote, jina la jimbo, stika ya mwezi na mwaka. Kimojawapo kikiwa kimeguswa na ukingo, fungua skrubu, toa fremu, rudisha skrubu zilezile. Na ukinunua gari jingine, mwambie muuzaji kabla hujasaini kwamba tangazo lake abaki nalo.