Mutoto munene haiko alama ya mushahara muzuri

Mu mwaka wa 2024, Kongo ilikataza bia na sucré za kutoka Zambia. Bashofere ba makamyo bakalalamika, Zambia ikafunga mpaka wa Kasumbalesa siku chache. Bakubwa babishana juu ya viwanda na kodi. Hakuna mwenye aliuliza ile sucré inaishia mu tumbo ya nani. Siye bazazi ba Kolwezi tunajua: ingine inaishia mu tumbo ya mutoto wa miaka 3.

Siye ba sendika tunazoea kusema juu ya mishahara na ajali. Leo tunasema juu ya unene wa batoto badogo, kwani nao unatoka ku kazi yetu.

Tuelewane kwanza. Mu Kongo shida kubwa ingali kukosa chakula: batoto zaidi ya 4 kati ya 10, chini ya miaka 5, ni bafupi kuliko umri wao. Lakini njaa na unene vinaweza kulala nyumba moja. Mutoto mwenye alikosa chakula kizuri mapema, kisha akajazwa sukari na mafuta, anaweza kunenepa bila kurefuka.

Inaanza mapema. OMS inaomba maziwa ya mama peke yake miezi 6. Sheria ya kazi ya 2002 inamupa mama mwenye kunyonyesha mapumziko 2 ya nusu saa kila siku. Lakini ukitumika saa 12 mbali na nyumba, nusu saa itakufikisha wapi? Mutoto anabaki na dada yake, anapewa chai ya sukari na beignet. Chupa moja ya sucré ya sentilita 33 inabeba karibu vijiko 7 vya sukari.

Kisha kuko bei ya unga. Mu 2024 ukame uliharibu mahindi ya Zambia, na siye tunategemea unga wao. Unga ukipanda, kitu cha kwanza kukatwa ni samaki, kunde na sombe. Bukari inabaki. Inajaza tumbo, lakini peke yake haijengi mwili.

Na mutoto atacheza wapi? Kasulo, tangu 2014, bantu banachimba chini ya nyumba. Kwingine ni makamyo na vumbi. Basi tunamufungia ndani na telefone. OMS inasema mutoto wa miaka 3 atembee na kucheza saa 3 kila siku, na ekra isipite saa 1.

Bengi banasema: «Mutoto munene, baba yake anatumika.» Tusilaumu bamama. Zamani Gécamines ilitoa posho. Leo, kwa bengi ba sous-traitance, posho ni hadithi.

Tunaomba vitu 3. Saa za kunyonyesha ziheshimiwe, hata mu sous-traitance, na mahali pa kulinda batoto karibu na kazi. Ile 0,3% ya mauzo, yenye kodi ya migodi ya 2018 inapatia jamii, ijenge pia viwanja vya kuchezea mu makartie. Na matunzo ya jamaa ya mutumishi yahesabu kupima kilo na urefu wa mutoto, hata kama haiko mugonjwa.

Ku nyumba, tuanze na maji pahali pa sucré. Hiyo haingojei mukubwa yeyote atie sahihi.