Ndege Haikumaliza Vita

Wako wanaodai kwamba ndege humaliza vita vya msituni. Historia ya Mafia yawasuta. Julai 1915 ndege za Waingereza ziliruka kutoka kisiwani humo, zikaelekeza mizinga ya manowari zao hadi Königsberg ya Wajerumani ikaangamia deltani Rufiji. Je, vita viliisha? Mizinga yake kumi iliopolewa ikaburutwa bara, na Lettow-Vorbeck akapigana porini hadi Novemba 1918, huku wapagazi Waafrika wakifa maelfu kwa njaa na maradhi. Novemba 1977 ndege za Rhodesia zilivuka mpaka wa Msumbiji, zikawaua wapiganaji na wakimbizi kambini Chimoio. 1980 Zimbabwe ikawa huru. Mshairi asiisifu ndege kabla hajawalilia waliozikwa.