Jina Lako, Deni Lako

Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Mwezi huu tuzungumze juu ya mkopo ambao harusi ni ya rafiki, lakini matanga ni yako.

Vijana wengi vijijini hutafuta pikipiki za kubeba abiria. Wengi huzipata kwa mkopo. Rafiki anaweza kukujia na kusema: "Ndugu yangu, mimi sina dhamana. Kopa wewe kwa jina lako. Nitalipa kila mwezi."

Kabla hujatia sahihi, fahamu jambo hili. Mkopeshaji hamjui rafiki yako. Anakujua wewe uliyetia sahihi. Ahadi ya rafiki haimo katika mkataba.

Tupige hesabu. Tuseme unatakiwa kulipa shilingi 300,000 kila mwezi kwa miezi 12. Jumla ni shilingi 3,600,000. Rafiki analipa miezi 4, kisha anaacha. Zimebaki shilingi 2,400,000. Ukiuza gunia la mahindi kwa shilingi 60,000, utauza magunia 40. Je, shamba lako hutoa magunia mangapi?

Pikipiki ikiibiwa, deni haliibiwi. Rafiki akihama, deni halihami naye. Bima ndogo humlipa mtu mwingine aliyeumizwa. Hailipi pikipiki yenyewe.

Kama uliweka shamba dhamana, linaweza kuuzwa. Kwa hiyo zungumzeni kwanza nyumbani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume au mke kuweka rehani nyumba ya ndoa bila idhini ya mwenzake.

Kumkatalia rafiki si kumchukia. Mshauri ajiunge na chama cha kuweka na kukopa. Huko ataweka akiba na kukopa kwa jina lake. Ukitaka kumsaidia, mpe kiasi ambacho hata kisiporudi, watoto wako hawatalala njaa.

Je, umekwisha kumkopea? Andikishaneni mbele ya mashahidi. Kadi ya pikipiki iwe na jina lako. Kila mwezi itazame risiti ya malipo kwa macho yako. Akikosa mwezi mmoja, nenda mapema kwa mkopeshaji mkazungumze. Usingoje barua ya madai.

Maswali ya kujadiliana:

1. Katika hesabu yetu, rafiki akilipa miezi 7 tu, wewe utalipa kiasi gani?

2. Rafiki akikuomba umkopee, utamjibu nini bila kuvunja urafiki?