Usiache Mbachao: Rununu Kuukuu na Kiswahili cha Ufundi

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Sisi wanafunzi wa Kiswahili huikariri methali hii tangu shule ya msingi. Huieleza maana na matumizi katika karatasi ya mtihani, kisha tukatoka nje ya ukumbi na kuitupa rununu ya miaka sita kwa sababu programu fulani imekataa kufunguka. Nadai katika makala haya kwamba rununu nyingi tunazozizika bado zi hai, kwamba mwanafunzi wa kawaida anaweza kuzifufua, na kwamba kinachokosekana ni maelezo yaliyoandikwa kwa lugha ambayo sisi tunajidai kuwa walinzi wake.

Nina jirani bwenini, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Muhula uliopita rununu yake ilikataa kufungua programu aliyoihitaji kwa masomo. Akaambiwa imepitwa na wakati, akaenda kuchukua nyingine kwa mkopo wa kulipa kila siku. Siku aliyokosa kulipa, ile mpya ilijifunga yenyewe, na insha aliyokuwa ameiandika ikafungiwa humo. Kwa majuma kadhaa alikula mlo mmoja kwa siku ili rununu isifungwe tena. Nilipomuuliza ile ya awali i wapi, aliitoa sandukuni. Kioo kilikuwa kizima na betri ilishika moto vyema. "Ilikufa," aliniambia. La hasha! Haikuwa imekufa, ilikuwa imetelekezwa.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha hoja yangu. Rununu ina mwili na ina mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoziongoza nyingine zote. Msimbo wa msingi wa Android uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuutumia. Mtengenezaji wa simu huuchukua, akaurekebisha ulingane na vifaa vyake, kisha baada ya miaka michache huacha kuuhuisha. Mwili unabaki mzima, lakini programu mpya hazikubali tena mfumo wa zamani. Kufikia mwanzo wa mwaka 2025, mathalani, WhatsApp ilikuwa haifanyi kazi tena katika simu za Android 4. Mwenye simu hudhani ni mwili uliochoka.

Wapo waliokataa hukumu hiyo. Mwaka 2009 ulianzishwa mfumo uitwao CyanogenMod, uliojengwa juu ya msimbo huo wa wazi. Kampuni iliyoudhamini ilipoufunga mwezi Desemba mwaka 2016, watu wanaojitolea waliuendeleza kwa jina la LineageOS. Tazama walichofanya: Galaxy S5 ilitoka mwaka 2014 na mtengenezaji akaifikisha Android 6 tu. Mwaka 2021, LineageOS 18.1 iliifikisha Android 11. Simu ile ile, kioo kile kile, lakini hatua tano mbele.

Kazi yenyewe yahitaji uangalifu kuliko kipaji. Kwanza, tambua modeli kamili ya rununu yako, si jina la biashara pekee. Galaxy S5 yenye nambari SM-G900F ina kichakataji cha Qualcomm, ilhali SM-G900H ina cha Exynos. Faili ya moja haifai kwa nyingine ingawa nje ni pacha. Pili, hifadhi nakala ya picha, anwani na maandishi yako mahali pengine, kwa kuwa kazi hii hufuta kila kitu. Tatu, fungua kufuli ya kianzishi, yaani programu ndogo inayoamka kwanza simu inapowashwa na kuamua ni mfumo upi uruhusiwe kuanza. Katika simu nyingi safari hiyo huanzia kwenye mipangilio, pale unapogusa nambari ya muundo mara saba ili chaguo za wasanidi zijitokeze. Nne, unganisha rununu na tarakilishi kwa kebo, uweke programu ya uokoaji. Mwisho, kupitia programu hiyo, futa mfumo wa zamani na uingize mpya. Anayetaka programu za Google huziweka wakati huo huo, kabla ya kuwasha simu kwa mara ya kwanza, kwani LineageOS haiji nazo.

Sitawahadaa wasomaji wangu kwamba njia hii haina miiba. Mara ya kwanza nilipojaribu, niliingiza faili ya modeli nyingine, na kwa siku mbili rununu yangu ilionyesha nembo ya mtengenezaji tu, haiendi mbele wala kurudi nyuma. Faili sahihi ndiyo iliyoniokoa, lakini wapo ambao simu zao hazikuwaka tena. Aidha, dhamana huenda ikapotea. Baadhi ya programu za benki hukataa simu ambayo kianzishi chake kimefunguliwa. Hali kadhalika, wapo watengenezaji wasiokubali kabisa. Huawei iliacha kutoa misimbo ya kufungulia mwaka 2018. Isitoshe, wanaojitolea nao huchoka, na zipo sehemu za ndani ya simu ambazo mtengenezaji pekee ndiye awezaye kuzihuisha. Na simu ya mkopo isiguswe asilani hadi deni liishe, kwa maana bado si yako.

Je, hatari hizo zinatosha kutufanya tukunje mikono? Sioni hivyo. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na chini ya robo yake ndiyo iliyokusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Umoja wa Ulaya umeanza kuchukua hatua. Kwa modeli zinazoingia soko lake tangu tarehe 20 Juni 2025, mtengenezaji hutakiwa kuendelea kutoa marekebisho ya mfumo endeshi kwa angalau miaka 5 baada ya kuacha kuuza modeli hiyo. Nasi Kenya tunayo Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, inayombebesha mzalishaji wajibu wa bidhaa yake hata inapogeuka taka. Lakini swali ninalolitaka lijibiwe ni la awali zaidi: nani ana haki ya kutangaza kwamba kifaa kimekuwa taka? Mimi nasema ni mwenye kifaa.

Hapa ndipo sisi wakereketwa wa Kiswahili tunapoingia. Menyu za Android zinapatikana kwa Kiswahili. Mwaka 2004 wenzetu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini iliyozungumza Kiswahili, nayo ilitokana na msimbo wa wazi kama huu. Hata hivyo, nilipokuwa nikihangaika na rununu yangu, kila mwongozo niliousoma ulikuwa wa Kiingereza, tena Kiingereza cha mafundi. Fundi wa simu wa mtaani, ambaye mikono yake ina ujuzi kunishinda, angeachwa nje mlangoni. Sisi nasi tunakesha tukibishana kama ni tarakilishi, kompyuta au ngamizi. Istilahi haikui kwa mabishano. Hukua inapomsaidia mtu kufanya kazi aliyoikusudia. Neno "kianzishi" nililolitumia hapo juu huenda likashindwa na jingine, lakini lishindwe kazini, si katika warsha.

Kwa hivyo nakipendekezea chama chetu mambo mawili. Mosi, Jumamosi moja kila muhula itengwe kwa ajili ya kufufua rununu kuukuu, tukishirikiana na wenzetu wa sayansi ya tarakilishi na mafundi wa mtaani. Pili, kila hatua iandikwe kwa Kiswahili sanifu na chepesi, isomwe mbele ya fundi, na neno lolote atakalokwama nalo libadilishwe. Wahadhiri wetu wa tafsiri na isimu watapata hapo zoezi lenye maana kuliko vifungu vya kubuni tunavyotafsiri kila mwaka.

Jirani yangu naye? Rununu aliyoiita maiti tuliifanyia kazi alasiri moja, ikawaka. Sasa anaandikia humo insha zake bila kuogopa kufungiwa. Ile ya mkopo bado anailipia, maana dawa ya deni ni kulipa. Lakini sandukuni mwake hamna tena simu iliyozikwa hai. Tufungueni ya kwetu, tutazame kilichomo.