Ugonjwa Usiopewa Jina Hautibiki

Katika mjadala wa bima ya afya tumezoea kuuliza nani atalipia tiba. Swali linalotangulia huachwa: tiba ya ugonjwa gani?

Tumtazame mtoto wa Buhongwa mwenye lukemia ya seli T, saratani ya damu iliyo adimu. Ana homa, amechoka, viganja vimepauka, mifupa inamuuma. Kanda ya Ziwa dalili hizo zina majibu yaliyokwisha andaliwa: malaria, minyoo, selimundu. Saratani hii aghalabu huvimbisha tezi iliyo kifuani. Mtoto akianza kuhema kwa shida, hudhaniwa ana kifua kikuu au pumu. Akipewa steroidi kwa ajili ya pumu, uvimbe huweza kunywea kwa muda. Wazazi hushukuru, na ushahidi hufifia kabla ya kupimwa.

Simlaumu tabibu wa zahanati. Lukemia ya seli T ni takriban asilimia 10 hadi 15 tu ya lukemia kali ya limfu kwa watoto, na hadubini peke yake haiwezi kutofautisha seli T na seli B. Hilo huhitaji kipimo cha alama zilizo kwenye seli, pamoja na mashine, vitendanishi na mtaalamu wa kusoma majibu. Ni kwa vipimo vya aina hiyo kwamba aina iliyo adimu zaidi, itokanayo na seli T changa kabisa, ilibainishwa mwaka 2009.

Kutoka Buhongwa hadi Hospitali ya Kanda ya Bugando ni safari ya daladala. Safari ndefu ni ile ya kutoka kwenye shaka hadi kwenye kipimo, na hiyo hupimwa kwa fedha na kwa wiki zinazopotea.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliweka lengo kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani wapone. Katika nchi tajiri hupona zaidi ya asilimia 80. Katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Utambuzi uliochelewa au uliokosewa ni miongoni mwa sababu kuu za pengo hilo.

Tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Kwa hiyo nadai mambo matatu. Kila mtoto ambaye homa yake inarudi baada ya dawa ya malaria apimwe picha kamili ya damu. Kipimo cha uboho na cha kutambua aina ya seli viwe haki ndani ya kitita cha msingi, pamoja na gharama ya kusafirisha sampuli. Vitendanishi viwe na kifungu chake cha bajeti kisichohamishiwa kwenye majengo.

Watumishi wa umma mnaoandaa bajeti, na wanafunzi mtakaozirithi ofisi hizo: mkionyeshwa maabara mpya, msiishie kuusifu ukuta. Ulizeni inapima nini, na majibu hutoka baada ya siku ngapi.